Mshenga Hakuja

Asubuhi ya Juni, manyunyu yasiyoamua kuwa mvua.
Tegwen anapanda machimbo ya chokaa ya Hafod Lwyd,
yaliyofungwa mwaka ule baba yake alipoanza kukohoa.
Viatu vya mpira. Daftari ndani ya mfuko wa mkate.
Penseli inaning'inia shingoni kwa kamba
kama ufunguo wa mtoto anayerudi nyumbani kusiko na mtu.
Amekuja kuhesabu.

Ua lenyewe halizidi kidole gumba.
Petali tatu za waridi, na chini yake, mdomoni,
mgongo wa nyuki: kahawia, manyoya,
hata ule mng'ao wa kiunoni.
Okidi imejichora jike.
Imejipaka na harufu yake,
ili dume apitaye adanganyike,
atue, ahangaike, aondoke na chavua kipajini
akadanganyike tena kwa jirani.

Lakini dume huyo anakaa kusini,
kwenye mizeituni na mawe yenye joto.
Huku Wales hafiki.
Huku kuna kondoo, upepo wa baharini,
na lori la maziwa saa moja kamili.
Posa imeandikwa vizuri, kwa wino wa bei,
kwa anwani isiyo na mtu.

Ua hungoja.
Subira huvuta heri, husema walioipata.
Kisha, bila kumwambia yeyote,
vikonyo viwili vyembamba kuliko unywele
hulegea, huinama mbele,
kila kimoja na kidonge cha njano nchani.
Vinaning'inia.
Unakuja upepo mdogo tu,
usioweza kuzima kiberiti,
navyo vinayumba, vinagusa
humo humo, chumba kilekile, ukuta kwa ukuta.
Basi.
Hapana ngoma, hapana mahari, hapana wa kushika mkia wa gauni.
Mtu hujikuna ajipatapo.

Kidole kimoja hakivunji chawa, twasema.
Kweli. Ila ua hili halina chawa.
Lina Juni, na Juni ni fupi.

Miaka kumi na tisa Tegwen amelitazama
akiwa kifudifudi kwenye changarawe, miwani imejaa ukungu.
Mara ya kwanza aliona haya,
kama aliyefungua mlango bila kubisha.
Siku hizi hunong'ona tu, "Haya, haya, taratibu,"
sauti ileile anayojitulizia nayo
anapojikata nywele za kisogoni
kwa mkasi wa jikoni, vioo viwili, na kubahatisha.

Jioni, fomu.
Idadi: mia mbili na kumi na nne.
Sahihi ya aliyehesabu.
Sahihi ya shahidi.
Zamani shahidi alikuwa Idwal,
akahamia kwa bintiye, akaacha hata kadi za Krismasi.
Tegwen anasaini mstari wa kwanza kwa kalamu ya buluu.
Anaamka, anachemsha maji, anakunywa chai yote.
Anarudi na kalamu nyeusi,
anausoma ukurasa upya kana kwamba ni wa mtu mwingine,
anakuta kosa moja, analisahihisha,
ndipo anasaini wa pili.

Wataalamu humwonya kwa barua:
mbegu za mzazi mmoja hufanana kama sarafu,
ugonjwa ukija na ufunguo wa moja
umefungua zote.
Naye anajua. Ameziona sura hizo,
mgongo uleule, mng'ao uleule,
mia mbili na kumi na tatu.

Ile moja iliyobaki, karibu na reli iliyooza,
haikuchora nyuki.
Mdomo wake ni mweupe, mtupu, kama bahasha.
Haimwiti mtu.
Na ndani, chini ya kijipaa chake,
vile vikonyo viwili vimekwisha kuinama.

Tegwen aliandika: *mmoja, mweupe.*
Akafikiri kidogo, akaongeza
jambo lisilo na kisanduku chake kwenye fomu:
*nilikuwepo.*